Mkimbiaji wa Mita 800 na Kijiti cha Wenzake

Kila Olimpiki au mashindano ya dunia yanapokaribia, swali lilelile huibuka Kenya, redioni na vijiweni: nchi inayotoa bingwa wa mita 800 karibu kila kizazi, inakuwaje ikose timu ya kupokezana vijiti mita 400 kwa wanne? Tarehe 10 Agosti 2024 jijini Paris, Emmanuel Wanyonyi alitwaa dhahabu ya mita 800 kwa dakika 1:41.19. Jioni hiyohiyo, uwanja uleule, ikakimbiwa fainali ya 4x400. Kenya haikuwamo. Haikuwamo hata katika timu 16 zilizoanza mchujo.

Wapo wanaojibu kwa mkato: wachukueni wa mita 800, wako wengi na wana kasi. Wengine wanajibu kwa mkato vilevile: waacheni wakimbie mbio zao. Pande zote mbili hutaja Munich 1972, mara pekee Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya vijiti, na zote hukumbuka nusu ya kisa. Hata jina la mhusika mkuu huwapoteza watu. Robert Ouko aliyekimbia Munich si Robert Ouko waziri wa mambo ya nje aliyeuawa Februari 1990. Huyu wa kwanza alikuwa mwanariadha wa mita 800 kutoka Kisii. Aliishi hadi 2019, na maisha yake ya riadha ndiyo kipimo bora tulicho nacho cha kulijibu swali hili.

Munich na kilichoitangulia

Dhahabu ile haikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1968 huko Mexico City, Daniel Rudisha, Munyoro Nyamau, Naftali Bon na Charles Asati walitwaa fedha kwa dakika 2:59.64, nyuma ya Wamarekani walioweka rekodi ya dunia ya 2:56.16. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Asati alishinda mita 400, Ouko akashinda mita 800, kisha wote wawili wakiwa pamoja na Nyamau na Julius Sang wakashinda vijiti. Huko Christchurch mwaka 1974 Kenya ilishinda tena vijiti, na Asati akaitetea dhahabu yake ya mita 400. Kwa miaka sita, basi, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi bora kabisa duniani katika mbio hizi.

Munich yenyewe inahitaji kutazamwa kwa karibu. Kikosi kilipangwa hivi: Asati, Nyamau, Ouko, Sang. Siku tatu kabla ya fainali ya vijiti, Sang alikuwa ametwaa shaba ya mita 400 kwa sekunde 44.92, na Asati alikuwa wa nne katika fainali hiyohiyo. Maana yake ni kwamba katika wanne wale, wawili walikuwa miongoni mwa wakimbiaji wanne bora wa mita 400 katika Olimpiki nzima. Ouko peke yake ndiye aliyetoka kwenye mita 800, ambako alimaliza wa tano tarehe 2 Septemba, katika fainali ambayo Mike Boit alipata shaba na Dave Wottle wa Marekani akatokea nyuma kabisa kushinda.

Sehemu ya mwisho ndiyo husimuliwa zaidi. Mjerumani Karl Honz alipokea kijiti akaondoka kwa nguvu kama anayekimbia mita 200. Sang hakumfuata kwa pupa. Aliufupisha mwanya kidogo kidogo, na Honz alipoanza kukakamaa kwenye mita za mwisho, Mkenya akampita. Mzunguko wake ulikadiriwa kuwa wa sekunde 43 na nusu hivi. Kenya ikamaliza kwa 2:59.83, Uingereza 3:00.46, Ufaransa 3:00.65, na Ujerumani Magharibi ikabaki ya nne bila medali.

Wakosoaji hukumbusha kwamba Marekani haikushiriki. Ni kweli. Vincent Matthews na Wayne Collett walifungiwa kwa mwenendo wao jukwaani baada ya mita 400, na John Smith alikuwa ameumia. Lakini anayesema dhahabu ile ilikuwa ya bahati tu inabidi aeleze fedha ya 1968, pale Wamarekani walipokuwepo na nguvu zao zote, na ushindi wa 1970 na 1974. Bahati ilichangia rangi ya medali. Uwezo ulikuwepo tayari.

Hoja ya wanaotaka wa mita 800 wakimbie vijiti

Upande huu una ushahidi wa kihistoria usiopuuzika. Arthur Wint wa Jamaika alipata fedha ya mita 800 mwaka 1948 na tena 1952, na mwaka huo wa pili akawa katika timu iliyotwaa dhahabu ya vijiti. Mal Whitfield wa Marekani alishinda mita 800 katika Olimpiki hizohizo mbili, akapata dhahabu ya vijiti London na fedha Helsinki. Whitfield baadaye alifanya kazi ya ukocha kwa miaka mingi barani Afrika, Kenya ikiwemo, kwa hiyo wazo la mtu mmoja kuzimudu mbio zote mbili halikuwa geni kwa makocha wa Afrika Mashariki.

Hoja yao ya pili ni ya kiufundi, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote. Mkimbiaji wa kwanza wa 4x400 hukaa kwenye leni yake mzunguko mzima. Wa pili hukaa humo kona ya kwanza tu, kisha wote huingia ndani. Kuanzia hapo mbio hugeuka kuwa za msongamano: viwiko, kuzibiwa njia, kuamua upite nje au usubiri. Kwenye eneo la kupokezana, wenye zamu ya tatu na ya nne hupangwa kulingana na nafasi ya wenzao wanapopita mita 200, na timu nane hubanana ndani ya mita 20. Mkimbiaji halisi wa mita 400 amezoea kukimbia peke yake kwenye leni, bila kumgusa mtu. Wa mita 800 anaishi kwenye msongamano. Anajua kupumua akiwa amezibiwa, anajua kutotapanya nguvu kwenye kona. Huenda ndiyo maana Ouko alipewa mzunguko wa tatu.

Tena anayepokea kijiti huwa tayari yuko mbioni, hivyo muda wake huwa bora kuliko wa kuanzia kwenye vibao kwa nusu sekunde au zaidi. Hilo humsaidia mtu wa mita 800, ambaye udhaifu wake mkubwa ni kuondoka.

Kisha kuna mhusika mwenyewe. Ouko alikuwa wa tano kwenye mbio zake. Nafasi ya tano ya Olimpiki ni heshima, lakini si medali. Kijiti ndicho kilichompa dhahabu. Mkimbiaji aliye miongoni mwa wanane bora duniani kwenye mita 800, ambaye huenda asipande jukwaani peke yake maisha yake yote, anaweza kulifikia akiwa na wenzake watatu. Anayesema vijiti ni mzigo kwa mkimbiaji wa masafa ya kati asiusahau upande huu.

Hoja ya wanaotaka waachwe

Upande wa pili huanza na mwili. Mita 400 hutegemea zaidi nguvu ambazo misuli huzitoa bila kungoja oksijeni, ilhali kwenye mita 800 zaidi ya nusu ya kazi hutokana na oksijeni. Mazoezi ya mbio moja huula muda wa nyingine. Kocha akiongeza kasi kwa ajili ya vijiti, hupunguza mbio ndefu za asubuhi ambazo ndizo humfikisha mtu fainali akiwa bado na miguu baada ya raundi mbili. Na mzunguko mmoja wa kasi kamili huacha uchovu usiotoka kwa usiku mmoja, achilia mbali hatari ya kuchanika msuli wa nyuma ya paja.

Mfano wanaoupenda ni wa Alberto Juantorena. Mwaka 1976 huko Montreal, Mcuba huyu alishinda mita 800 kwa 1:43.50 na mita 400 kwa 44.26, jambo ambalo hakuna mwanamume mwingine amelifanya katika Olimpiki moja. Kisha akaingia kwenye vijiti akiwa amekwisha kukimbia raundi zote za mbio mbili, na Cuba ikawa ya saba. Funzo wanalolitoa ni kwamba hata mwili ule una kikomo. Mimi naona mfano huu una jambo la pili wasilolitaja: Cuba haikuwa na watu watatu wengine wa kiwango hicho. Juantorena asingeibeba timu hata kama angekuwa ameamka asubuhi hiyo bila kukimbia kitu.

Hoja yao ya tatu ni ya pesa, nayo haifai kubezwa. Katika mashindano ya dunia ya Budapest mwaka 2023, bingwa wa mbio za mtu mmoja alilipwa dola 70,000. Timu ya vijiti iliyoshinda ililipwa dola 80,000, za kugawana. Mikutano ya kila msimu ya Ligi ya Almasi ina mita 800, lakini 4x400 huonekana humo kwa nadra sana. Kijana anayelisha familia kwa miguu yake akimwambia meneja wake kwamba atachukua wiki tatu kufanya mazoezi ya kupokezana vijiti, meneja atamuuliza ni nani atakayemlipa.

Ratiba, jambo ambalo wachache hulihesabu

Kinachonishangaza katika mjadala huu ni jinsi kalenda inavyosahauliwa. Munich, fainali ya mita 800 ilikuwa tarehe 2 Septemba, mchujo wa vijiti tarehe 9 na fainali tarehe 10. Ouko alipata wiki nzima ya kupumzika kati ya mbio zake na mchujo wa vijiti. Aliingia kwenye vijiti akiwa na miguu mipya.

Linganisha na London 2012. David Rudisha alikuwa na kasi iliyotosha timu yoyote ya vijiti. Muda wake bora wa mita 400 ni sekunde 45 na ushei, na baba yake ndiye Daniel Rudisha wa fedha ile ya Mexico City. Lakini mchujo wa 4x400 ulikuwa asubuhi ya tarehe 9 Agosti, na jioni ya siku hiyo alikuwa na fainali ya mita 800. Hakuna kocha mwenye akili timamu ambaye angemtia kwenye mchujo ule. Jioni Rudisha akapita mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28 na kumaliza kwa 1:40.91, rekodi ya dunia inayosimama hadi leo. Timu ya vijiti ya Kenya asubuhi ile iliishia kwenye mgongano kati ya Vincent Kiilu na Ofentse Mogawane wa Afrika Kusini. Na huko Paris, kama tulivyoona, fainali zote mbili zilipangwa jioni moja.

Kwa hiyo anayeuliza kwa nini bingwa wa mita 800 haongezwi kwenye vijiti kama zamani, mara nyingi anauliza jambo ambalo ratiba imekwisha kulijibu. Njia aliyopita Ouko imefungwa na waandaaji, si na uvivu wa mtu.

Walikopotelea wakimbiaji wa mita 400

Hata kama ratiba ingeruhusu, lipo tatizo kubwa zaidi. Timu ya Munich ilikuwa na nguzo mbili za mita 400, na mtu mmoja wa mita 800 akaongeza nguvu. Siku hizi watu wanataka kujenga timu ya watu wa mita 800 pasipo nguzo, kisha wanaita hiyo njia ya Munich. Siyo.

Nguzo zile zilijengwaje? Vyombo vya ulinzi, yaani polisi, jeshi na magereza, viliwapa wanariadha kazi, muda na ushindani. Halafu vyuo vya Marekani vikaongeza. Ouko na Sang wote walisoma chuo cha North Carolina Central, kilichokuwa chini ya kocha LeRoy Walker, pamoja na mtu kama Larry Black aliyepata fedha ya mita 200 huko Munich. Katika riadha ya vyuo vya Marekani vijiti ni sehemu ya alama za timu, na mashindano ya Penn Relays yamekuwepo tangu 1895. Kijana wa mita 800 pale hukimbia mzunguko wa 400 kwenye timu wikendi baada ya wikendi, anajifunza kupokea kijiti bila kutazama nyuma sana, anajifunza kutoangusha. Sang na Ouko walipofika Munich, kupokezana kijiti lilikuwa jambo la kila siku kwao.

Kisha mnyororo ukakatika. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, na kizazi kizima cha wakimbiaji wa kasi kikazeeka bila jukwaa. Kilipotokea kizazi kingine, kikaonyesha kwamba mbegu haikufa: Samson Kitur akapata shaba ya mita 400 Barcelona 1992, na mwaka uliofuata huko Stuttgart yeye, Kennedy Ochieng, Simon Kemboi na Abednego Matilu wakatwaa fedha ya dunia kwa 2:59.82. Ukitazama majina hayo utaona kwamba timu ile haikuokolewa na wakimbiaji wa mita 800. Ilikuwa timu ya mita 400.

Baada ya hapo pesa za riadha zikahamia kwenye masafa marefu. Mbio za barabarani na marathoni zikatoa zawadi na mikataba, kambi za Iten na Eldoret zikapangwa kwa ajili ya mbio hizo, na kijana mwenye kasi wa Kenya akashauriwa mapema aongeze umbali. Si ushauri mbaya kwake binafsi. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu wa sekunde 46 akiwa na miaka 18 hugeuzwa kuwa wa mita 800 kabla hajajua angefika wapi kwenye 400.

Botswana ilifanya kinyume. Nchi yenye watu wapatao milioni mbili na nusu ilipata shaba ya vijiti kwenye Olimpiki ya Tokyo, fedha Paris kwa 2:54.53, na Septemba 2025 ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kutwaa ubingwa wa dunia wa 4x400, ikimaliza mbele ya Marekani. Botswana nayo ina mtu mkubwa wa mita 800 katika historia yake, Nijel Amos, aliyepata fedha nyuma ya Rudisha London. Lakini dhahabu ile imeletwa na watu wanaoishi kwenye mita 400 na 200: Lee Eppie, Letsile Tebogo, Bayapo Ndori na Collen Kebinatshipi.

Mizani

Nikizipima hoja hizi, naona upande wa kwanza uko sahihi kuhusu mtu mmoja na umekosea kuhusu wanne. Mkimbiaji mmoja wa mita 800 kwenye mzunguko wa tatu ni faida halisi, ilimradi awe wa aina inayofaa. Si kila wa mita 800 anafaa. Kuna wanaotoka juu, upande wa mita 1500, na kuna wanaotoka chini, upande wa 400. Wanyonyi, ambaye amewahi kuweka rekodi ya dunia ya maili moja ya barabarani, ni wa upande wa juu. Emmanuel Korir, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo, ni wa upande wa chini: ana 44.21 kwenye mita 400 na alifika fainali ya mbio hizo kwenye mashindano ya dunia ya Doha 2019. Kuwaweka wote wawili kwenye kapu moja kwa sababu wameshinda mbio moja ni kutowajua.

Upande wa pili uko sahihi kuhusu uchovu na pesa, lakini umekosea kuifanya hatari hiyo kuwa sawa kwa wote. Bingwa mwenye nafasi ya dhahabu yake mwenyewe ana sababu nzuri ya kukataa. Anayemaliza wa tano hadi wa nane, kama Ouko, ana sababu nzuri zaidi ya kukubali.

Tena kuna mlango mpya ambao mjadala wetu bado hauugusi vya kutosha. Vijiti vya mchanganyiko, wanaume wawili na wanawake wawili, viliingia Olimpiki huko Tokyo na hupangwa mwanzoni mwa mashindano. Paris vilikwisha tarehe 3 Agosti, na mchujo wa mita 800 wanaume ulianza tarehe 7. Mwanamume wa mita 800 angeweza kukimbia akapata siku tatu kamili za kupumzika. Kwa wanawake kule Paris hali iligeuka. Mchujo wao wa mita 800 uligongana na vijiti vya mchanganyiko, lakini fainali yao ilikuwa tarehe 5, siku nne kabla ya mchujo wa 4x400 ya wanawake. Mary Moraa, bingwa wa dunia wa Budapest aliyeanza na mita 400 na kupata fedha ya mbio hizo kwenye mashindano ya dunia ya vijana jijini Nairobi mwaka 2017, angekuwa na nafasi inayofanana na ya Ouko kuliko mwanamume yeyote wa Kenya leo. Tofauti ni kwamba hakuwa na timu ya kuingia nayo. Hata ratiba hiyo hubadilika: kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo 2025, Lilian Odira alishinda mita 800 siku ileile ya fainali za vijiti. Ratiba inabidi isomwe kila mara upya, miezi mingi kabla, na mteuzi anayejua kwamba mzunguko wa tatu utahitaji mtu wa mita 800 amwambie mtu huyo mapema.

Lililo gumu zaidi ni wale watatu wengine. Wanahitaji kubakizwa kwenye mita 400 hadi wafike miaka 22 au 23, wapewe mbio za kutosha za vijiti nyumbani, na wapate mshahara kutoka vyombo vya ulinzi au kwingine wakati miguu yao bado haijaanza kulipa. Pesa za kuwalisha wakimbiaji kumi wa aina hiyo kwa miaka minne inabidi zitengwe. Uamuzi huo uko mikononi mwa chama cha riadha na vyombo hivyo, na muda wa kuufanya kwa ajili ya Los Angeles 2028 unazidi kupungua.